z/VM: njia ipi ya kuaminika kujua mgeni yupi anaendesha mfumo gani?

fundi_mpya: Wakuu habari, nimeachiwa z/VM (mfumo wa IBM wa kuendesha mashine pepe kwenye mainframe) yenye wageni kibao, yaani mashine pepe zenye mifumo yake, na aliyekuwepo hakuacha maandishi yoyote. Nikipiga Q NAMES napata majina tu, karibu wote DSC (wanaendesha bila skrini), sasa nani Linux, nani z/OS (mfumo mkubwa wa IBM wa mainframe), nani CMS ya kawaida (mfumo mwepesi wa z/VM yenyewe) sijui. Kuna kusoma direktori (orodha ya mipangilio ya kila mgeni), kuna IND USER (amri ya kuona hali ya mgeni), kuna kuchungulia konsoli. Ipi bora? Sitaki kumzimia mtu kazi yake.

diski_150: Direktori mkuu. Kama mna DIRMAINT (programu ya kusimamia direktori) piga DIRM FOR jina REVIEW, soma mstari wa IPL (kubuti), umemaliza.

mzee_wa_CP: Hujamaliza hata kidogo. Linux nyingi kwenye direktori zimeandikwa IPL CMS, maana mgeni anaamkia CMS kwanza, PROFILE EXEC inamwandalia diski za swap halafu mwishoni kabisa ndo unakuta IPL 150. Direktori inakwambia alivyoanza, haikwambii yuko wapi saa hizi. Mimi nilishamwita mtu CMS nikataka kumpiga FORCE (kumtoa kwa nguvu) kumbe ni database iko juu ya Linux, mwenzangu ndo aliniwahi. Tumia IND USER jina, uwe na klasi ya mamlaka E, angalia IPLSYS (mfumo au kifaa alichobutia). Ikisema CMS ni CMS kweli, ikisema DEV 0150 huyo kabuti kwenye diski.

neema_z: Sawa mzee ila DEV 0150 ni namba ya diski tu, z/OS inabuti kwenye diski, z/VSE (mfumo mwingine wa IBM) pia, hata z/VM nyingine ndani ya z/VM. Hapo ndo napenda SET OBSERVER, unaona yanayotoka konsoli bila kuandika chochote. Ukiona Ready, ni CMS, ukiona login: ni Linux, meseji za IEA na IEE ni z/OS. SECUSER achana nayo kwanza, ile inakupa na uwezo wa SEND (kumtumia mgeni amri), na ukikosea z/OS inatekeleza.

mzee_wa_CP: Kweli, ila z/OS nyingi konsoli zake ziko kwenye skrini za 3270 (terminali za mainframe), hiyo ya mashine pepe inakaa kimya, utangoja mpaka uchoke.

neema_z: Basi anzia upande wa pili. Kila Linux unayoweza kuingia kwa ssh soma /proc/sysinfo, mstari wa VM00 Name ni jina lile lile la Q NAMES. Hakuna kubahatisha hapo, mfumo wenyewe ndo unajitaja.

fundi_mpya: Asanteni sana. Nimefanya ya neema, Linux zote zimejulikana, IPLSYS imenitolea TCPIP, DTCVSW1 (wahudumu wa mtandao wa z/VM) na wenzao wa CMS. Wamebaki wawili wa DEV, wako kimya, nimewawekea OBSERVER na siwagusi mpaka nimpate mwenye nao.

mzee_wa_CP: Hapo sawa kijana. Na andika, atakayekuja asianze sifuri kama wewe.