Tupeane uzoefu: siku uliyoamua kuosha gari mwenyewe nyumbani

dereva_wa_lanet
Wadau habari za Jumapili. Naanza na yangu ndio msinicheke peke yangu. Nina Demio nyeusi ti, na ukiishi Nakuru hiyo ni rangi ya kujitafutia kesi maana vumbi la huku halina likizo. Nikasema hii pesa ya kuoshewa kila wiki inaniuma, bomba ninalo, mikono ninayo. Ndoo moja, sponji na sabuni ya vyombo, nikaanza na magurudumu kwa sababu ndio yalikuwa machafu zaidi, halafu sponji hiyo hiyo nikapanda nayo mpaka kwa boneti, redio juu, raha tele. Kesho yake asubuhi jua likapiga boneti upande, aki nikaona miduara midogo midogo kama utando wa buibui gari nzima. Kumbe vumbi ni mchanga na mimi nilikuwa nausaga kwa rangi nikidhani nasafisha. Na ile sabuni ya vyombo ikaondoka na waksi yote iliyokuwepo. Siku hizi ni ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari, nyingine maji matupu ya kusuuza kitambaa, kwanza namwagia gari maji vumbi litoke lenyewe, naanzia paa nikishuka, magurudumu mwisho na yana kitambaa chao. Miduara bado iko. Fundi alisema inatoka kwa polishi na mashini, akataja bei, nikaona heri tuzoeane nayo. Haya leteni zenu.

mama_samaki
Yako ni ya macho, yangu ni ya pua. Nabeba samaki kutoka Dunga kuleta Kibuye na Probox, siku moja beseni la ngege likapinduka kwa buti. Nikapanguza juu juu, nikapulizia manukato nikaona mambo yameisha. Joto la Kisumu mnalijua. Siku ya tatu abiria niliyempa lifti alifungua dirisha kabla hajafunga mlango, na hakusema kitu, ni heshima tu. Nikanunua ile miti ya kuning'iniza kwa kioo, ikawa sasa ni samaki wa vanila. Mwishowe kijana wangu akaniambia mama toa kila kitu. Tukatoa kapeti, tukatoa tairi la spea, na pale chini kwa shimo lake nilikuta supu, sitanii, supu imetulia na magamba yanaelea. Kuna kizibo cha mpira hapo chini, ukikisukuma maji yanatoka. Tukaosha na sabuni, tukasuuza, kapeti ikaanikwa siku mbili juani, nikainyunyizia bekingi soda (si ile paoda ya mandazi) ikalala nayo usiku kucha ndio nikaipiga brashi. Harufu iliisha. Manukato hayaoshi kitu jamani.

dereva_wa_lanet
Supu 😂😂 mama umenimaliza

jamaa_wa_kondele
Mimi nyumbani nilikuja baadaye, zamani nilikuwa naingiza gari ziwani kabisa, tairi ndani ya maji, na mimi nimekunja suruali magotini. Miezi ikapita nikaanza kuona damu kwa choo kikubwa. Hospitali wakapima, bilharzia. Daktari akanieleza hao wadudu wanatoka kwa konokono wa majini wanapenya ngozi ukiwa umesimama tu, huhitaji hata kuyanywa. Nikapewa vidonge vya praziquantel nikapona. Na ile oili tulikuwa tunaachia pale, ndio maji hayo hayo ya samaki wa mama hapo juu, wacha ninyamaze. Sasa naoshea kwa ploti na mitungi miwili, inatosha kabisa.

mluhya_wa_muwa
Kakamega hapa, matope mekundu mpaka kwa kioo. Langu ni injini. Nikaazima mashini ya presha nikaipiga injini yote iwe kama ya duka. Kuwasha, gari inatetemeka kama iko na malaria na taa ya injini imewaka. Maji yalikuwa yamejaa kwa mashimo ya plagi. Fundi akatoa koili, akapuliza na hewa, akakausha, akanilipisha pesa ya kuoshea gari miezi mitatu. Sasa injini naipanguza na kitambaa chenye maji kidogo tu ikiwa baridi.

bungoma_moja
Kuna mtu alijaribu dawa ya meno kwa taa za mbele zikiwa zimekuwa njano? Mimi nilijaribu, ziling'aa, nikapiga picha nikaweka statasi. Baada ya wiki chache zikarudi vile vile.

mluhya_wa_muwa
@bungoma_moja jua ndilo linazichoma, ukishasugua lazima upake kitu cha kuzikinga, la sivyo ni kazi bure.

dereva_wa_lanet
Mama samaki, umenifanya nitoke nje na tochi. Nimeinua tairi la spea na kuna maji, ya mvua nadhani, na jeki imeota kutu mpaka haizunguki. Hicho kizibo kiko upande gani?