Zabibu za juu na za mbugani: nitenge mchuzi (mvinyo wa mapipani) kama Bourgogne?

Mzabibu_Mpunguzi:
Wakuu, habari za jioni. Nina ekari moja na nusu ya zabibu aina ya Makutupora nyekundu hapa Mpunguzi, Dodoma. Mistari ya juu iko kwenye kichanga chenye changarawe, ya chini inaingia mbuga nyeusi, udongo mzito wa mfinyanzi. Msimu uliopita nilisindika mwenyewe, juu pipa lake, chini pipa lake. Zabibu za juu punje ndogo, ganda gumu. Mchuzi wake mweusi tii, unakamata ulimi. Wa chini mwepesi, laini. Mnunuzi akaonja yote, akamimina kwenye tangi moja, bei moja. Iliniuma sana. Mdogo wangu anasema Bourgogne, Ufaransa, kila kipande cha shamba kina jina lake na chupa yake. Ni kweli?

Mjukuu_wa_Bihawana:
Kweli kabisa. Walioanza kuvichunguza vipande hivyo kwa subira ni watawa, hasa wa Cîteaux, abasia ya mwaka 1098. Shamba lao la Clos de Vougeot ni hekta kama 50 ndani ya ukuta wa mawe. Juu udongo mwembamba wa chokaa, maji hayakai. Chini, karibu na barabara, mfinyanzi mzito unaotuamisha maji. Mbuga yako hiyo, mkuu! Leo wamiliki ni takribani 80 na daraja la ubora ni moja kwa shamba lote, kwa hiyo mnunuzi makini huuliza: mistari ya nani, na iko wapi?

Mama_Hombolo:
Kaka, pole kwa hilo tangi. Ila kabla ya kuusifu udongo, ulipogolea juu na chini siku moja? Wenzetu baridi inalaza mizabibu yote pamoja, wanavuna mara moja kwa mwaka. Huku mkasi ndio unaoiamsha, ndiyo maana tunavuna mara mbili. Ukitangulia kupogolea upande mmoja, huo unatangulia kuiva, nawe ukavuna yote siku moja. Hapo unalinganisha siku, si udongo.

Mzabibu_Mpunguzi:
Dada, umenishika. Juu nilitangulia siku tisa, vibarua walikuwa wawili tu. Na nilivuna yote Jumamosi moja. Safari hii naita vijana sita, shamba zima liishe siku hiyo hiyo. Mapipa naandika kwa rangi, JUU na CHINI, na hayamiminwi pamoja mpaka nimeonja mwenyewe.