Kituo cha ardhini cha satelaiti ndogo hapa Tanga: tuanzie wapi?

Mwalimu_Chumbageni
Ndugu zangu, wanafunzi wetu wanashirikiana na wenzao wa nje kuunda satelaiti ya mchemraba wa sentimita 10, nasi tumekabidhiwa kazi ya kuandaa kituo cha kuipokea kwenye 437 MHz. Paa tunalo, ila magharibi kuna Milima ya Usambara, na mashariki bahari. Je, milima itatuziba, na fedha kidogo tulizonazo zitangulie wapi?

Fundi_Raskazoni
Mwalimu, milima isikutie hofu. Usambara Mashariki iko zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, hivyo vilele vyake huziba nyuzi mbili hivi tu juu ya upeo wa macho, mahali ambapo ishara ya satelaiti ndogo ni dhaifu hata pasipo mlima. Badala yake pimeni minazi na ghorofa za jirani, ndizo zinazoweza kuwaziba.

Fedha zitangulie juu ya paa. Kikuza ishara kifungwe karibu kabisa na antena, kwa sababu waya mwembamba wa RG-58 wa mita 20 humeza zaidi ya nusu ya nguvu ya ishara, na kikuza kilichowekwa mezani hakiwezi kuirudisha, kwani hukuza na kelele pamoja nayo. Nashauri antena mbili za Yagi (zile za vijiti sambamba kwenye mhimili mmoja) zilizopishana kama msalaba, maana satelaiti hujipindua angani na antena yenye vijiti vya mlalo pekee au vya wima pekee huipoteza mara kwa mara. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, viungio vyote vizibwe dhidi ya chumvi, na mlingoti uwe na waya wa ethi kwa ajili ya radi.

Bagamoyo_Angani
Nakubaliana na Fundi, na ninasisitiza mazoezi. Kabla satelaiti yenu haijarushwa, pokeeni kwa antena hiyohiyo Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho kituo chake cha redio ya ridhaa (ya wapenzi wa redio, si ya biashara) hurusha sauti kwenye 437.800 MHz. Chombo hupita kwa dakika 10 hivi, na masafa ya redio yake huhama takriban kHz 10 juu kinapokaribia, kisha kiasi hicho hicho chini kinapoondoka. Programu ya Gpredict hukokotoa mabadiliko hayo, mradi takwimu za obiti ni mpya na saa ya kompyuta ni sahihi.

Siku za mwanzo ndizo ngumu. Satelaiti nyingi zikiachiwa pamoja, haijulikani mara moja takwimu zipi ni za ipi, kwa hiyo rekodini kila mpito bila kuchagua: jinsi masafa yanavyohama ndiyo itakayoonyesha iliyo yenu.

Mwalimu_Chumbageni
Nawashukuru sana. Na tukitaka baadaye kuituma amri?

Fundi_Raskazoni
Hapo mtahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), pamoja na mota ya kuzungusha antena. Uratibu wa masafa ya ridhaa kupitia IARU, umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa, huombwa na wenye satelaiti, tena mapema kabla ya kurushwa. Waulizeni wenzenu wamefikia wapi kabla hamjanunua kifaa cha kurusha ishara, kwa sababu masafa watakayopangiwa yanaweza kuwa tofauti na hayo mliyoambiwa.