Mjadala: Upepo wa Marsabit ni wa nani?

Mchangiaji aliyetangulia anasema wanaopeleka miradi ya upepo mahakamani ni maadui wa maendeleo, na kwamba Kenya ingekuwa mbali kama si kesi za ardhi. Napinga, tena kwa kutumia mfano wake mwenyewe, mradi wa umeme wa upepo wa Loiyangalani, kaunti ya Marsabit.

Mradi ule siubezi. Una mashine 365 zenye uwezo wa megawati 310, na upepo wa pale unabanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, hauna mfano wake nchini. Stima ikitoka huko, tunachoma dizeli kidogo. Lakini aliyeuchelewesha si mfugaji. Mashine zilikuwa tayari 2017, zikakaa bure zikingoja laini ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa, kwa sababu mkandarasi wa kutoka Uhispania alifilisika. Laini ilikamilika 2018, na serikali ikabebeshwa fidia ya umeme ambao haukutufikia. Mbona hiyo hukuiita uadui wa maendeleo?

Tuje kwenye ardhi. Baraza la kaunti la Marsabit la wakati ule liliipa kampuni ya mradi ekari 150,000 za malisho ya Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo. Eneo la mashine zenyewe ni kama ekari 40,000. Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kuwa hatimiliki za ardhi hiyo hazikufuata sheria, na kampuni ikakata rufaa. Kinachoniuma zaidi ni nyaya za ile laini ya Suswa. Zinapita juu ya manyatta ambazo usiku zinawasha tochi. Najua mtaniambia umeme wa laini kubwa vile haushushwi kijijini bila kituo cha kuupunguza nguvu. Ni kweli, na waliochora mradi walilijua hilo tangu mwanzo. Kituo cha namna hiyo kingewekwa kwenye bajeti kama barabara ilivyowekwa.

Kwamba inawezekana, tazameni mradi wa upepo wa Kipeto kule Kajiado: mashine 60, megawati 100. Wenye mashamba wamekodisha ardhi yao na wanalipwa, ng'ombe wanaendelea kula chini ya mashine, na jamii ina hisa ya asilimia 5. Kwenye mradi wa upepo wa Kinangop, ambako wakazi walihisi wamerukwa, mtu alikufa kwenye maandamano 2015 na mwaka uliofuata mradi ukafutwa kabisa. Mwekezaji mwenye hesabu zake anajua njia ipi ni ghali.

Pendekezo langu ni hili. Sheria ya Kawi ya 2019 inagawa mrabaha, yaani malipo ya kutumia rasilimali, wa mvuke wa ardhini: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya pale. Upepo haukuwekewa mgao kama huo. Bunge liuweke, na leseni isitolewe kabla wenyeji hawajasajili ardhi yao ya jamii na kukubali wenyewe. Anayeona hilo litafukuza wawekezaji anieleze kwanza kwa nini wa Kipeto hawakukimbia.