Benzi ya 1989 bado iko na gesi ya AC ya zamani, R12, nibadilishe aje bila kuimwaga hewani?

Benzi_ya_Mzee: Habari zenu wakuu. Niko na 190E ya 1989, aliniachia mzee wangu, na ukifungua boneti kibandiko cha R12 bado kiko. Naishi Nakuru lakini kila wiki mbili nateremka Kisumu kumwona mama, na ukishashuka kutoka Kericho ukafika Awasi, Ahero, joto ni la kuchoma, watoto wanalia huko nyuma. AC inatoa baridi kidogo sana siku hizi. Fundi mmoja hapa tao ameniambia atafungua vali gesi ya zamani itoke yote, alafu apige 134a, ile gesi iliyochukua nafasi ya R12, juu yake, saa moja tu nimeenda. Hiyo imenikaa vibaya, coz nimesoma R12 ndo ile ilitoboa ozoni. Njia safi iko? Ama niruke moja kwa moja kwa ile mpya ya 1234yf?

FundiBaridi_Kondele: Usimwachie gari ndugu yangu. Kwanza angalia ile midomo ya kuwekea gesi, ya R12 iko na thredi unafunga kwa kuzungusha, ya 134a unabana tu inaingia. Kama ni ya thredi basi kuna uwezekano R12 iko ndani kweli, na hiyo inanyonywa kwa mashine inaingia kwa mtungi wake, haiachiliwi. Alafu kitu mafundi wengi wanaruka ni oili. Oili ya R12 haichanganyiki na 134a, inabaki imelala huko kwa mapaipu na kompresa inakaukiwa mpaka inakwama, na ukishanunua kompresa ndo utajua ile saa moja ilikuwa ya bei gani. Kwa hivyo mfumo unaoshwa, unaweka oili ya POE (ya kutengenezwa kiwandani) coz inavumilia mabaki ya ile ya zamani, draya mpya (kile kichujio cha kunyonya unyevu), oringi zile za kijani, adapta kwa midomo, alafu pampu inyonye hewa na unyevu angalau nusu saa na ukizima pampu mshale wa geji usirudi. Usijaze kiasi kile cha zamani, kama kibandiko kinasema kilo moja anza na gramu 800 hivi uende ukiangalia geji. Na 1234yf iache, ni ghali sana na inashika moto kiasi, hiyo gari haikuundiwa hiyo.

Msafiri_Busia: Huku kwetu jirani aliwekewa gesi ya kupikia na inaganda kabisa, pesa kidogo. Ubaya wake ni nini?

FundiBaridi_Kondele: @Msafiri_Busia baridi itatoa, sikatai. Lakini evapureta, ile sehemu inatoa baridi, iko ndani ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Siku ikivuja inavujia ndani, madirisha yamefungwa, na swichi moja tu ikitoa cheche watu wameungua. Mwambie jirani aitoe, tafadhali.

Mwalimu_Kakamega: Benzi_ya_Mzee hujakosea kuwa na wasiwasi. Kilo moja ya R12 inapasha dunia joto kama tani 10 na zaidi za kaboni dayoksaidi, na ikishapanda inakaa huko juu karibu miaka 100. Ndo maana kulikuwa na mkataba wa Montreal 1987 wa kulinda ozoni, na nchi kama zetu mwisho wa kutumia CFC, jamii ya gesi kama R12, ulikuwa 2010. Sasa watu wakisikia 134a haigusi ozoni wanadhani ni safi, na si safi, kilo moja ni kama tani 1.4, ndo maana Kigali 2016 nchi zikakubaliana nayo ipunguzwe. Kwa hivyo mimi naona kubadilisha gesi ni nusu ya kazi. Baridi yako ilipungua kwa sababu mahali fulani panavuja, na usipopaziba utakuwa unajaza 134a kila miezi michache na yote inaenda hewani.

Benzi_ya_Mzee: Asanteni sana, kweli. Nimetoka hapo nje na tochi. Midomo ni ya thredi. Na pale paipu inaingia kwa kondensa (ile kama rejeta ya AC huko mbele) kuna doa jeusi la oili limeshika vumbi, nimepaka povu la sabuni na viputo vimetoka vidogo vidogo, polepole. Nimezima AC kabisa. @FundiBaridi una hiyo mashine ya kunyonya? Jumamosi nateremka, madirisha wazi.

FundiBaridi_Kondele: Iko, na mtungi wake. Njoo mapema kabla ya saa tatu, na usipite kwa mtu mwingine akuongezee gesi njiani.