Bodi ya HP imekufa: nibadilishe bodi, nihamie Ryzen au ninunue eksi-UK nzima?

SaibaKondele
Wakuu, habari za jioni. Kompyuta ninayoitegemea kazini imezima tangu Jumanne. Fundi aliiangalia dakika tano akasema bodi, ule ubao mkuu wa ndani, imekwenda. Nina elfu kumi na tano mkononi. Kuna jamaa hapa Kisumu ana bodi ya mtumba, kuna kijana ananishawishi nihamie Ryzen, zile prosesa za AMD, na mke wangu anasema ninunue eksi-UK nzima, iliyotumika Uingereza, niachane na mafundi. Mngekuwa ninyi mngechukua ipi? Nijibuni upesi, shule zinafunguliwa Jumatatu na wazazi watajaa hapa wakitaka fotokopi.

Lanet_Umeme
Prosesa gani? Ramu gani? Imezima vipi, feni inazunguka bila picha au kimya kabisa? Huyo fundi alipima nini katika hizo dakika tano?

SaibaKondele
Ni Core i5. HP nyeusi.

Lanet_Umeme
Mkubwa, kuniambia i5 ni kama kuniambia unatoka Nyanza. Nyanza wapi? i5 ya 2010 na i5 ya 2020 hazikai soketi moja, yaani kile kikalio cha prosesa kwenye bodi. Geuza kasha usome kibandiko, ndipo tuongee.

BaridiYaMolo
Yote ya nini? Chukua bodi ya B450, weka Ryzen 5 5600G, picha inatoka bila kununua kadi ya picha. Mimi niko nayo mwaka wa tatu na haijawahi kunilaza njaa. Intel, wenye hiyo i5, karibu kila baada ya miaka miwili wanabadilisha soketi ili ununue bodi upya.

MamaSaketi
Wewe wa Molo, umemwambia B450 ya zamani haitaitambua hiyo 5600G mpaka baiosi, ile programu ya kuiwasha bodi, isasishwe? Akipata ya mtumba yenye baiosi ya 2018, atabonyeza swichi hadi kidole kiote sugu.

BaridiYaMolo
Bodi nyingine unasasisha kwa flashi tu, hata bila prosesa.

MamaSaketi
Nyingine. Si zote. Na mtu wa mtumba hatakwambia yake ni ipi.

SaibaKondele
Samahanini, nilikuwa na wateja. Ni EliteDesk 800 G1, ile nyembamba. Ndani kumeandikwa i5-4570. Ramu ni mbili za 4GB. Ilizima usiku wa ile radi kubwa. Ukibonyeza, feni inazunguka kidogo, kisha taa nyekundu inapepesa na inapiga mlio.

Lanet_Umeme
Radi! Jambo kama hilo ndilo unaliweka mwisho?

Sasa hesabu hiyo taa. HP za wakati huo zinasema zenyewe. Inapepesa mara kadhaa, inanyamaza sekunde mbili, inarudia. Mara nne ni pawa, yaani pawasaplai inayogawa umeme ndani, mara tano ni ramu, mara saba ndiyo bodi. Usinunue kitu kabla ya kuhesabu.

SaibaKondele
Nimehesabu nne. Mtoto anasema tano.

MamaSaketi
Mwamini mtoto 😂

Lakini hata kabla ya hapo, chomoa waya wa ukutani, toa ramu zote mbili, futa miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, rudisha moja tu. Ikikataa, weka ile nyingine. Haikugharimu hata shilingi.

Ndugu yangu, nakusihi hivyo kwa sababu niliumia. 2021, nikiwa Kakamega, nilipata prosesa ya i5-8400 kwa bei nzuri, nikaanza kutafuta bodi. Nikampigia muuzaji mmoja Kisumu, nikamwambia nataka ya soketi 1151. Akasema anayo, H110, itaingia bila shida. Na kweli iliingia. Ilikaa kitako kama imezaliwa pale, hata kile kishikio kilifunga kwa kidole kimoja. Nikawasha: feni inazunguka, skrini nyeusi. Nikabadilisha ramu. Nikaazima pawa ya jirani. Nikatoa betri ya CR2032 nikairudisha. Nyeusi. Nikapanda matatu mpaka Kisumu, muuzaji akaweka prosesa yake, ikawaka, akanitazama kama mwizi. Nikarudi nyumbani, nyeusi tena. Fundi wangu akaitoa prosesa mara ya tano, bisibisi ikamponyoka, pini mbili za soketi zikalala. Tulizinyoosha kwa sindano ya kushonea, mimi nikishika tochi ya simu na yeye akitoka jasho. Ndipo kijana mmoja wa chuo akatuambia 1151 ziko mbili: H110 ni ya kizazi cha sita na cha saba, cha nane kinataka bodi za mfululizo wa 300. Idadi ya pini ni ile ile, umeme unapita kwingine. Muuzaji akakataa kuirudisha, eti pini zimeguswa. Na zilikuwa zimeguswa kweli, ningesema nini?

Kwa hiyo mtu akikwambia "itaingia", mwulize kama itawaka.

OmeraWaDunga
Pole sana dada. Hapo ndipo ninaposema vitu vinunuliwe Nairobi.

MamaSaketi
Nairobi ndiko ile bodi ilikotoka.

Lanet_Umeme
Turudi kwa mwenyewe. Kama ni nne, tafuta pawasaplai, lakini ya EliteDesk hiyo hiyo. Mkia wake mkubwa una pini 6, si 24 za kawaida, kwa hiyo ya dukani haitachomeka. Kwa sababu hiyo hiyo hata Ryzen ya Molo si bodi peke yake: kasha halitaipokea, pawa haitaifaa, na ramu yako ni DDR3, pengo lake haliko mahali pa lile la DDR4. Unanunua kompyuta nzima vipande vipande.

BaridiYaMolo
Anunue nzima basi! Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, na hiyo i5 ya kizazi cha nne haimo kwenye orodha ya Windows 11. Unamtengenezea maiti.

OmeraWaDunga
Maiti inayotoa fotokopi inalisha watoto. Weka Linux.

SaibaKondele
Printa yangu ikikataa Linux mtakuja kuniprintia?

Lanet_Umeme
Eksi-UK ukichukua, angalau 800 G4 yenye i5-8500. Lakini waya wa ardhi kwenye soketi yako ya ukutani upo? Huko ziwani radi haiishi, utaiua na hiyo. Chomoa na kebo ya intaneti, si ya umeme peke yake.

OmeraWaDunga
Wingu likitoka Nandi saa tisa mchana, mimi nachomoa mpaka friji. Mke wangu ananicheka.

BaridiYaMolo
Friji haina shida, nunua stabilaiza.

Lanet_Umeme
Stabilaiza na radi wapi na wapi? Hiyo ni ya umeme unaopanda na kushuka.

SaibaKondele
Nimefuta ramu kwa kifutio. Nikiweka ile ya kwanza, sasa ni nne, mtoto naye anakubali. Nikiweka ya pili, iliwaka mara moja ikaonyesha HP, kisha stima zikapotea mtaa mzima.

MamaSaketi
Haiwezekani.

SaibaKondele
Niko gizani, naandika kwa simu. Zikirudi nitawaambia.

KijanaWaShabab
Habari wakuu, niko Nakuru. Hizo ramu za DDR3 ukiamua kununua nzima, unauza?