Kimondo kikubwa jana usiku, Uyole: taarifa inaandikwaje?

Uyole_Juu: Wakuu, jana saa mbili na dakika kumi na mbili usiku kimondo cha kijani kimepita kuelekea upande wa Rungwe, kiling'aa hadi miti ikatoa vivuli. Watu wanasema kimeangukia nyuma ya mlima. Naripoti wapi, na wanataka nini?

Mtazama_Anga: Jaza fomu ya kimondo kwenye tovuti ya IMO, shirika la kimataifa la vimondo, ni bure. Sogeza alama ya ramani hadi pale pale uliposimama. Kuandika "Mbeya" hakutoshi. Mtego uko kwenye saa: saa mbili usiku ni 20:00, si 2:00. Wakitaka UTC, yaani saa ya kimataifa, toa saa tatu, andika 17:12.

Kesho mchana rudi hapo na dira ya simu, mbali na gari na mabati, maana chuma huipotosha. Soma digrii za kilipoanzia na kilipozimikia: kaskazini 0, mashariki 90, kusini 180. Kwa kimo, nyoosha mkono. Ngumi moja ni kama digrii 10. Huku kwetu milima hukata upeo, kwa hiyo hesabu kuanzia usawa wa macho, si kileleni. Kilidumu sekunde ngapi? Kishindo je? Sauti huchukua kama sekunde tatu kwa kilomita, hivyo huweza kufika dakika kadhaa baada ya mwanga.

Mafinga_Usiku: Hilo la nyuma ya mlima lisikusumbue. Vimondo vingi huzimika vikiwa bado kilomita 20 au zaidi juu, hivyo chako huenda kilikuwa mbali sana kupita Rungwe. Mstari wa uelekeo kutoka kwako peke yake hautoshi. Anahitajika mtu wa Njombe au Tunduma ili mistari ikatane. Waulize wenye kamera za ulinzi leo leo, kabla picha hazijafutika, na linganisha saa ya kamera na ya simu.

Uyole_Juu: Sekunde nne hivi, kishindo hakuna. Ila jirani kaleta jiwe jeusi lenye matundu matundu.

Mtazama_Anga: Matundu hayo ni ya volkano, Rungwe imeyamwaga tele. Jiwe la kimondo kipya huwa na ganda jeusi jembamba, lisilo na matundu. Na wasitarajie lifanane na lile la Mbozi. Lile ni chuma, vimondo vingi ni mawe. Likija lenye ganda hilo, msilioshe wala kuligusisha sumaku, inafuta usumaku wake wa asili. Lipigeni picha pembeni ya rula, kisha mwoneshe mwanajiolojia.